Tume Ilipofunga Faili la Watu 18

Oktoba 2023 Mwenyekiti wa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, Mariam Wangadya, alitangaza kwamba faili la wafuasi 18 wa chama cha upinzani cha NUP wanaodaiwa kutoweka limefungwa: taarifa hazitoshi, familia hazitoi ushirikiano. Niseme mapema, uamuzi ule ulikuwa mbovu, tena kiufundi, kabla hatujagusa siasa.

Ibara ya 52 ya Katiba inairuhusu Tume kuchunguza hata bila mlalamikaji. Ya 53 inaipa meno ya mahakama: kumwita yeyote, kudai hati yoyote, kumwadhibu anayedharau wito, kuamuru aliyeshikiliwa aachiwe. Sasa mtuhumiwa hapa ni dola. Daftari la mahabusu liko kwa dola, na usajili wa zile Hiace za utekaji tulizozibatiza droni uko kwa dola. Mama wa mtaa wa Walukuba, Jinja, au Namakwekwe, Mbale, ambaye mwanawe kachukuliwa ana nini? Picha na tarehe. Kumwambia aongeze ushahidi ndipo kazi iendelee ni kumtwisha upelelezi yeye, huku mwenye mamlaka ya kuita majenerali akisubiri ofisini. Na kama baadhi ya majina yalikuwa na walakini, yatenge hayo, uendelee na yaliyobaki. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1992 kuhusu utowekaji wa kulazimishwa liko wazi: uchunguzi huendelea maadamu hatima ya mtu haijajulikana. Isitoshe, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imefungwa Agosti hiyohiyo. Familia zilibaki na mlango mmoja, nao ukafungwa.

Chukua mfano wa mahabusu ya polisi ya Nalufenya, Jinja. Tume ina ofisi katika mji uleule. Lakini Mei 2017 vidonda vya mateso vya meya wa Kamwenge aliyeshikiliwa humo tulivionyeshwa na vyombo vya habari, na Oktoba ni Mahakama Kuu iliyowapa washukiwa 22 wa mauaji ya afisa wa polisi Kaweesi shilingi milioni 80 kila mmoja. Mwaka 2018 mkuu wa polisi, Ochola, akatangaza mwisho wa mahabusu yale. Novemba 2020 kiongozi wa NUP, Kyagulanyi, akalazwa humohumo. Wakati huo kiti cha mwenyekiti wa Tume kilikuwa wazi tangu Med Kaggwa afariki mwaka mmoja nyuma, na Rais hakukijaza hadi 2021. Uchaguzi mzima bila mwenyekiti kamili!

Hapa Mbale wapo wanaonijibu kwamba Sheikh Abdul Rashid Wafula alipigwa risasi mjini mwetu 2015, basi washukiwa wa mauaji ya masheikh wakibanwa kidogo kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba ungamo la kipigo huanguka mahakamani, na muuaji wa kweli anabaki mtaani.

Kazi hii imewahi kufanywa vizuri zaidi. Tume ya Jaji Oder ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, kuanzia 1986, ilizunguka wilayani ikawasikiliza mashahidi kwao. Enzi za mwenyekiti Margaret Sekaggya baraza la Tume liliihukumu serikali ilipe fidia, kesi baada ya kesi. Kulipa ndiko kulikosuasua, lakini hukumu ziliandikwa.

Wangadya naye nimpe haki yake: Mei 2025 alitia saini amri ya kumwachia Eddie Mutwe, mlinzi wa Kyagulanyi, na siku chache baadaye kijana akafikishwa mahakamani Masaka. Hata hivyo, safari hiyo hapakuwa na la kuchunguza sana: mkuu wa majeshi alikwisha kujitangaza mtandaoni kwamba anaye.