Noti ya Ubeti wa Tatu

Mama mmoja anainuka kitini, hana haraka. Anakuja mbele akiyumba kwa mahadhi, noti ameibana kwa vidole viwili, mkono kaunyanyua ili ukumbi mzima umwone. Akifika kwa mwimbaji anaitia kiganjani mwake, kisha anageuka na kumtupia jicho mtu fulani wa safu ya nyuma. Ubeti ule umemsemea lake. Mwimbaji ameliona jicho lile, basi hasongi mbele: anaurudia ubeti, na safari hii wanainuka watatu.

Huko ndiko kutunza. Mgeni wa taarabu huweza kudhani ni sadaka, akamwonea mwimbaji huruma bure. Ni ujira, tena wa papo hapo, na msanii asiyeajiriwa na mtu hujua kama kazi yake imepokewa kabla wimbo haujaisha. Kwa hiyo ufundi wake haukomei kooni. Sharti ajue harusi ni ya nani, nani hasemezani na nani, fumbo lipi litachoma bila kuvunja shughuli, na wakati gani anyamaze aiachie fidla nafasi. Usiku ukiisha, fungu linagawanywa: la mpiga udi, la ganuni, la dumbaki.

Siti binti Saad aliujua uchumi huu kuliko wengi. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo ulioonja utumwa, akaitwa Mtumwa. Alipokuwa angali shamba alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti. Huenda hakuna shule bora ya kumfunza mtu kufikisha neno hadi ndani ya nyumba za watu. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza uimbaji. Hata jina la Siti, lenye maana ya bibi mheshimiwa, alipewa baadaye. Nalo lilikuwa tunzo, pengine kubwa kuliko zote.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Sauti yake ikafika asikowahi kukanyaga. Lakini santuri ina ila moja: ikipigwa mkahawani, mteja akaguswa, noti yake haina mkono wa kuipokea. Msanii wa leo anayeweka wimbo wake kwenye intaneti na kusubiri malipo yake anaijua ila hiyo vizuri.

Bi Kidude, aliyezirithi nyimbo za Siti na kuziimba kwa namna yake, hakuitegemea sauti peke yake. Alipiga ngoma za unyago na kuwafunda wari, alipaka hina. Tuzo ya WOMEX aliyopewa mwaka 2005 ilimkuta yuko kazini miaka mingi, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 alikuwa mkongwe ambaye hata umri wake ulibishaniwa. Wapo wanaoona kazi za pembeni kuwa dalili ya kushindwa kwa msanii. Kwake ngoma, hina na wimbo vilikuwa vya shughuli moja, ile ya kumwingiza mwanamke katika maisha yake mapya.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000, kimewafunza vijana udi, ganuni na fidla, na humo ndimo walimotoka wanamuziki wa bendi ya kizazi kipya iitwayo Siti and the Band. Chuo chenyewe kimeonja ukata: mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango. Kijana anayepiga hotelini hupata wasikilizaji wapole wanaopiga makofi kila wimbo, ila hawajui Kiswahili. Fumbo linawapita. Hakuna anayetupa jicho safu ya nyuma, na ubeti hauna sababu ya kurudiwa. Huko harusini nako kuna flashi inayochomekwa kwenye spika, isiyoomba chai wala nauli.

Basi mwenye harusi anayetaka taarabu ya watu hai apatane bei mapema, alipe nusu kabla ya siku yenyewe, aache njia pana kati ya viti na jukwaa, na akumbuke usafiri. Ganuni haipandi bodaboda.