Kutafuta picha kwa sura yake: DISCOVIR ilifika nusu ya njia

Wandugu, simu zetu zimejaa foto za majani ya muhogo, na majina yake ni IMG na WA0007. Tafuta ile ya mozaiki ya mwaka jana, utapitisha kidole mpaka jioni. Ndiyo maana ninapenda kazi moja ya zamani, DISCOVIR, ya Chinese University of Hong Kong, mwanzo wa miaka ya 2000. Waliijenga juu ya LimeWire, programu ya kupashana mafaili kwenye Gnutella: ordinatere kwa ordinatere, bila seva ya katikati.

Gnutella ilitafuta kwa jina la faili. DISCOVIR ilisema hapana, leta picha yenyewe. Inageuza rangi, umbo na mpangilio wa madoa kuwa namba, halafu inalinganisha. Tena Gnutella ilikuwa inamwagia kila jirani ulizo, jirani naye anamwagia wake, mtandao unajaa kelele. Wao walifunga pamoja mashini zenye picha za kufanana. Ulizo linatembea polepole mpaka likute kundi lake, ndipo linalipuka kama fataki za Bonane. Hapo nawapigia makofi kabisa.

Lakini mimi niko mtu wa agronomia. Muhogo wenye mozaiki, virusi vyenye kubebwa na nzi weupe, unaonyesha manjano. Wenye utitiri wa kijani, manjano pia, na majani yanajikunja karibu vilevile. Wenye kukosa azoti, manjano tu. Kwa kuhesabu rangi, yote mitatu ni ndugu. Shambani, mmoja unaung'oa, mwingine unautilia mbolea! Mashini ikikosea hapa, ni sombe na fufu ya familia ya mtu.

Na mitandao mipya? IPFS inapatia kila faili anwani yenye kutoka ndani ya faili lenyewe. Badilisha nukta moja tu ya picha, anwani inakuwa ingine. WhatsApp inabana foto, basi jani lile lile linakuwa mgeni. Kwa kutafuta kwa sura, minaona tumerudi nyuma ya DISCOVIR.

Mimi ningeomba foto isafiri na neno la mtu aliyegeuza jani akatazama chini yake: ni utitiri ao hapana. Ila pasipo seva, neno la uongo likishanakiliwa kwenye simu makumi tano, nani atalifuta?