Mtego Unaokesha

Anayeanza kuwinda ndezi, au simbiliki kama wengi wanavyomwita huku Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, hudhani kazi ni ya usiku: tochi, mbwa na panga. Kelele tupu. Mnyama huyu hutembea gizani na husikia mbali. Akishtuka hupiga mluzi, hugonga ardhi kwa miguu ya nyuma, na kabla hujageuza tochi amezama ndani ya matete. Wategaji ninaowastahi hufanya kazi yao mchana, migongo imeinama.

Wanasoma shamba. Bua la muhindi lililokatwa mshazari, safi kama kwa kisu, ni la ndezi; nguruwe pori angeliangusha na kulikanyaga. Kando yake utakuta vipande vifupi vya mabua, vimerundikana pale alipoketi kula. Toka hapo uelekee ukingoni, upekue majani, utaiona njia yake: kijia chembamba, udongo umesuguliwa ukalainika, maana ndezi ana mazoea ya kupita palepale. Kinyesi kikiwa kibichi, alipita jana.

Sasa ufundi wenyewe. Ufito mbichi huchomekwa ardhini, hupindwa, na nchani hufungwa waya wa breki ya baiskeli uliofanywa kitanzi cha kupitisha kichwa, si mabega. Kijiti kimoja tu huzuia nguvu yote ile. Kikibana mno, mnyama hupita akaenda zake. Kikilegea, upepo unakifyatua. Fundi mzuri hamhubirii mwanafunzi: humwekea kidole juu ya kijiti mpaka kidole chenyewe kijue. Kisha pande zote mbili husimikwa ua mfupi wa vijiti, ili penye kitanzi pawe ndipo pepesi kupita.

Na yote haya ni ukingoni mwa shamba. Ukitega ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, huo ni ujangili, na waya haubagui. Hunasa hata mkono wa sokwe.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewatoa watu wengi wa Beni mashambani. Nani athubutu tena kulala kibandani akilinda mahindi? Mtego umebaki mlinzi, haudai mshahara wala haukimbii. Ila unataka kukaguliwa alfajiri, na alfajiri nayo imeshakuwa ya hatari. Basi mtu hungoja jua lipande, na pengine akifika siafu wamekwisha maliza, wamembakizia manyoya na waya.