Ufundi wa Kunyamaza

Mtoto ameweka kidole chini ya neno kikombe. Anasema ki. Anasema ko. Halafu ananyamaza, kidole kimeganda penye mbe. Wazazi wengi hapo humalizia wenyewe, "kikombe!", na somo linaisha. Mama mmoja wa Kanyakine, kule Imenti Kusini, ambaye namstahi kwa kazi hii kuliko watu wengi wenye vyeti vya ualimu, hasemi kitu. Anaendelea kumenya ndizi zake. Mtoto anarudi mwanzo, ki-ko, anabana midomo, na ile silabi inatoka.

Ukimya huo ndio ufundi wenyewe. Kuunganisha sauti ni kazi inayofanyika kichwani mwa mtoto, wala hakuna awezaye kumfanyia. Anayepewa jibu upesi hujifunza kusoma uso wa mama yake, akaacha karatasi.

Mama huyo haanzi na majina ya herufi. Wengi wetu tulikaririshwa ei, bii, sii, lakini mtoto anayejua "bii" na "ei" hata azirudie mara ngapi hapati ba. Mama huyu huanza na a, e, i, o, u, kisha anaongeza m, kisha b. Kwa hizo tu mtoto tayari anasoma mama, baba, mimi, boma, hata ubao. Mpango wa Tusome, ulioingia shule za msingi nchini Kenya mwaka 2015, nao ulitilia mkazo sauti za herufi. Kiswahili humlipa haraka anayepita njia hii, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa.

Ila mtoto wa Kanyakine haji mtupu. Masikio yake yamezoea irabu 7 za Kimeru, zikiwemo zile mbili zinazoandikwa kwa alama juu, ĩ na ũ, naye sasa anatakiwa kupanga sauti kwa irabu 5 za Kiswahili. Kisha kuna l na r, ambazo nyumbani hazikuwahi kumsumbua. Mama hamkemei wala hamwigizi. Anasema kula, anasema kura, polepole, huku akimwonyesha ulimi unapogusa. Na michezo ya sauti, kupiga makofi kwa kila silabi na kutafuta maneno yanayoanza sawa, huifanya kwa Kimeru kwanza. Tume ya elimu ya Gachathi, ya mwaka 1976 nchini Kenya, ilipendekeza lugha ya mazingira ya mtoto itumike katika madarasa ya kwanza. Hapa inatumika kabla hata ya darasa.

Kuandika huanzia mavumbini, kwa kijiti, kisha punje za maharagwe hupangwa kufuata umbo la herufi. Penseli huja baadaye, vidole vikishapata nguvu. Nampenda zaidi anapofundisha o: inaanzia juu, inakwenda kushoto, inazunguka. Mtu angesema umbo likitoka sawa inatosha. Haitoshi, maana mwendo huohuo ndio utakaozaa a, d na g, na mkono uliozoea kinyume ni kazi kuugeuza.

Maneno ya kusoma huchaguliwa na mtoto. Sylvia Ashton-Warner, mwalimu wa New Zealand aliyeandika juu ya kuwafundisha watoto wa Kimaori katika kitabu chake cha mwaka 1963, aliwauliza kila mmoja neno analolitaka, akamwandikia hilo. Kanyakine neno hilo huwa jina la mtoto, au la mbuzi, au jina la baba kwenye risiti ya kiwanda cha kahawa, ambayo mtoto huisoma hadi ikachakaa.

Akiandika gombe badala ya ng'ombe, mama hafuti. Anamwambia, "Hebu nisomee." Mtoto anasoma, anasikia kasoro, anaongeza n mbele, anasoma tena na kuona bado. Lakini amekaribia, na mama anamwambia hivyo. Ritifaa atafundishwa wiki ijayo.