Sarufi ya Lawama: Nafsi ya Mtendwa katika Rosa Mistika

Tangu riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ichapishwe mwaka 1971, usomaji wake umeelemea swali moja: nani alaumiwe kwa kuangamia kwa Rosa? Wako wanaomlaumu Zakaria, baba mlevi aliyelea kwa fimbo. Wako wanaomlaumu Rosa, kwamba aliutumia vibaya uhuru alioupata mbali na nyumbani. Pande hizo mbili zinapingana kuhusu mkosaji, lakini zote huwaacha nje ya shauri wanaume waliomtumia.

Mantiki hiyo imo tangu tukio la barua. Charles ndiye anayeandika, Rosa anapokea, na Zakaria anampiga Rosa. Adhabu haimfuati mtenda, bali mtendewa. Baadaye Charles anavunja uchumba kwa kuwa Rosa si bikira, naye Rosa anajiua. Mwili wake umekuwa ushahidi unaosomwa dhidi yake peke yake. Miili ya wanaume haihojiwi.

Rosa Mistika si simulizi la ubakaji tu, wala Rosa hakukosa hiari katika kila alilolitenda. Hata hivyo, njia ambayo lawama inapitia humo ndiyo inayomkabili aliyebakwa, na Kiswahili kina maumbo yanayoisawazisha. Kauli ya kutendwa, “alibakwa”, hukamilika bila mtenda kutajwa. Kiambishi -ji- cha kujirejea, kama katika “amejitakia”, humfanya aliyeumizwa awe mtenda na mtendwa kwa pamoja. Kiambishi -nge- nacho huelekezwa kwake: “asingetoka usiku, yasingemkuta”. Ni nadra sharti hilo kumwangukia aliyembaka. Maumbo haya hayana hatia. Uteuzi wa wasemaji ndio wenye hatia.

Madhara yake hudumu pale nafsi ya tatu inapogeuka kuwa ya kwanza. “Asingetoka” huwa “nisingetoka”, na aliyeshambuliwa huendesha kesi dhidi yake mwenyewe miaka mingi baada ya jeraha la mwili kupona. Hunyamaza, huchelewa kutafuta tiba, huogopa kushtaki. Sheria imeitambua hatari hii. Nchini Kenya, kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinazuia kuleta ushahidi wa mwenendo wa awali wa kingono wa mlalamikaji bila idhini ya mahakama. Baraza la mtaa na meza ya familia havina kifungu kama hicho.

Mwishoni mwa riwaya, Rosa na Zakaria wanashtakiana mbele ya Mungu. Hata huko, shauri linabaki kuwa la baba na binti. Nje ya kurasa, historia ya kitabu ilirudia kisa chake: riwaya iliyoyataja madhara iliwahi kupigwa marufuku shuleni.

Uhakiki nao haujanusurika. Kusema “Rosa aliporomoka” ni kuteua kitenzi kisichohitaji mtu wa pili, kana kwamba hakuna aliyemsukuma. Uteuzi huo una uzito, kwa kuwa riwaya husomwa darasani, na huenda miongoni mwa wanafunzi yumo aliyetendewa na hajamwambia mtu. Yeye hasikilizi uchambuzi wa mhusika tu. Anasikiliza atakavyohukumiwa siku atakaposema.