Kuli: Je, Mnyonge Hainuki Peke Yake?

Wengi wetu tukiihakiki Kuli (1979), riwaya ya Shafi Adam Shafi, tukishataja utabaka na unyonyaji tunaona kazi imekwisha. Mimi nauliza: je, mwandishi anatushawishi kweli kwamba mnyonge hawezi kujikwamua peke yake?

Mwanzoni, ndiyo. Rashidi anaishia kubeba mizigo bandarini Unguja, kazi ile ile ya baba yake. Hapa Shafi hahubiri. Nguvu zipo, jasho linamwagika, lakini ujira hauachi akiba, na pasipo akiba hakuna hata kibanda cha kuuzia maandazi. Anayedai ati maskini ni mvivu, atajibu nini?

Tatizo ni pale Faraji anapoanza kumfunza Rashidi. Faraji asema, Rashidi aitikia. Mbona habishi? Kijana mwenye njaa angeuliza, "Na mimi nikipewa unyapara je?" Kishawishi hicho ndicho adui mkubwa wa umoja wa makuli, nacho hakikupewa nafasi ya kutosha. Matokeo yake mgomo, ambao kihistoria ulitokea kweli Zanzibar mwaka 1948, unasisimua kama tukio, lakini hatuoni Rashidi amepoteza nini kwa kuuchagua.

Suala hili linatuhusu sisi wanafunzi, maana tunaamini shahada ni ngazi ya kila mtu na yake. Ili atuondoe hapo, Shafi alipaswa kuipa tamaa yetu msemaji hodari, kisha amshinde mbele yetu. Kifani riwaya inavutia. Kihoja, imetushawishi nusu tu.