Sanamu ya Askari, Dar es Salaam

Sanamu ya Askari imesimama kwenye kiplefti cha Mtaa wa Samora na Mtaa wa Azikiwe, katikati kabisa ya Dar es Salaam. Ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyeifinyanga ili isubiwe kwa shaba, nayo ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kabla yake, Wajerumani walikuwa wamemjengea gavana wao, Hermann von Wissmann, sanamu mjini humo, ambayo Waingereza waliiondoa.

Askari huyu ameinama mbele, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Ubora wa sanamu upo hapo: aliyetukuzwa si jenerali juu ya farasi, bali mtu wa kawaida asiye na jina. Nairobi na Mombasa nazo zina sanamu za aina hiyo. Ile ya Nairobi inamwonyesha pia mpagazi, na ni haki yake, maana wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa maradhi kuliko risasi.

Mgeni aifikie asubuhi na mapema, kabla magari hayajajaa.